Serikali ya Kumbatio

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, na akitokea mtu akadai kwamba inafanana na ya kwenu, mwambieni anyamaze asitutie sote matatani. Haipo, na wananchi wake wanalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kuwa nchi isiyokuwepo, ilikuwa makoloni mawili: Mbwera upande huu wa mto Ruhende, na Kigulu upande ule. Yote mawili yalikuwa mali ya Mfalme mmoja wa mbali sana, ambaye hakuwahi kukanyaga huko hata kwa bahati mbaya, ila picha yake ilitundikwa kila mahali, hadi kwenye choo cha mkuu wa wilaya.

Bi Semeni alikuwa mtu wa Kigulu, mjane, muuza vitumbua, mwenye ulimi uliojulikana ng'ambo zote mbili. Kwingine ulimi wa namna ile ungemletea kesi. Huko ulimletea jina, kwa sababu watu wa Kigulu na watu wa Mbwera walikuwa watani tangu enzi za mababu zao. Mtu wa Kigulu aliweza kuingia nyumbani kwa mtu wa Mbwera, akafunua chungu, akanusa, akauliza nani amefia humu ndani, na mwenye chungu hakuruhusiwa kununa. Alichoruhusiwa ni kungoja zamu yake. Na mtani akifiwa, basi ni wewe unayechimba kaburi, ni wewe unayebeba jeneza na kupika msibani, na papo hapo unavaa koti la marehemu, unaigiza anavyokoroma, unalala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka upewe kuku. Hakuna gavana aliyewafundisha hayo. Walijifundisha wenyewe, na hakuna maiti wa ng'ambo yoyote aliyewahi kukosa wa kumzika.

Mtani mkubwa wa Bi Semeni alikuwa Mzee Kilemile wa Mbwera, fundi viatu aliyetembea peku. Viatu vyake viliwabana watu wote. Ukilalamika, anakupiga begani na kusema, "Vaa tu, vitapanuka." Havikupanuka hata siku moja. Bi Semeni alikuwa akivuka daraja kila siku ya gulio kwa ajili ya kumsimanga tu.

"We Kilemile, ng'ombe gani huyu uliyemchuna? Alikufa kwa ukoma?"

"Bora ng'ombe wangu alikufa. Vitumbua vyako bado vinauguza watu."

Kisha wanaagana, kila mmoja roho kwatu.

Sasa Bi Semeni alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyeitwa Mosi. Mosi akashikwa na homa, akapelekwa hospitali kuu ya Kigulu, jengo zuri mno, lenye kila kitu isipokuwa dawa. Dawa zilikuwa zimeletwa, watu waliziona kwa macho yao zikishushwa. Baadaye wakaziona tena, kwa macho yaleyale, zikiuzwa katika duka la shemeji yake Mheshimiwa Matereka, kiongozi wa chama kikubwa cha Kigulu. Bi Semeni alipomaliza kuomba huku na huku, Mosi alikuwa ameshakata roho.

Siku ya mazishi Bi Semeni hakulia. Chozi halikutoka, maji hayakupita kooni. Alikaa kwenye mkeka akitazama ukuta, na wanawake waliomkanda mgongo wakaanza kunong'ona kwamba huyu naye anaondoka. Ndipo akaingia Kilemile, peku, vumbi hadi magotini. Akamwendea marehemu moja kwa moja, akashika kiuno.

"Hee! Jua limepanda namna hii, huyu bado kalala? Nilisema mimi, mtoto huyu mvivu. Kamrithi mama yake!"

Bi Semeni akamtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kumkunja tumbo, na katikati ya kicheko hicho kilio kikapata njia. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na alipoamka akaomba uji. Kilemile na watu wake wa Mbwera walichimba kaburi. Humo ndani, Kilemile alipodhani haonekani, alilia kama mwanamke, halafu akatoka akipiga kelele kudai kuku wake. Bi Semeni alijua tangu siku hiyo kwamba ana deni ambalo hulipwa mara moja tu.

Aliyeufurahia msiba ule alikuwa Mheshimiwa Lusewa, kiongozi wa chama kikubwa cha Mbwera. Lusewa na Matereka walichukiana kwa dhati. Hawa hawakuwa watani, jamani, msije mkawachanganya! Lusewa alimwita Matereka mwizi wa dawa. Matereka alimwita Lusewa mlanguzi aliyeuza mahindi ya njaa mwaka ule watu wa Mbwera walipokula mizizi. Ubaya wa matusi hayo ni kwamba yalikuwa kweli tupu. Lusewa akachukua picha ya Mosi, akaikuza ikawa kubwa kama mlango, akazunguka nayo kwenye mikutano akilia. "Damu ya Mosi inaita! Sitalala mpaka Matereka alale gerezani!" Bi Semeni aliletwa jukwaani mara nyingi, akapewa kiti cha mbele na soda. Alikaa, kwa sababu alitaka haki ya mwanawe, na nani mwingine alikuwa akiitaja?

Basi Mfalme wa mbali akachoka na makoloni yake. Akatuma ujumbe: unganeni muwe taifa moja, na atakayewaunganisha nitamwachia Ikulu. Ikulu yenyewe ilikuwa nyumba nyeupe yenye baraza pande zote, bustani ya waridi na tausi wawili wenye kiburi. Lusewa akaitaka. Matereka akaitaka. Hakuna aliyekuwa na kura za kutosha kuipata peke yake. Wakaingia faragha na kujifungia, na walipotoka wote wawili walikuwa wakitabasamu. Mungu wangu, kama kuna jambo la kuogopesha duniani, ni lile.

Wakatangaza Serikali ya Kumbatio. Ikaundwa Kamati ya Kumbatio, ya wasomi na wazee wenye busara, ikabishana miezi mingi juu ya mkono wa nani upite juu na wa nani upite chini. Mwisho wakaafikiana kwamba kila mheshimiwa atakuwa na mkono mmoja juu na mmoja chini, kwa misingi ya usawa. Kamati ilipewa nishani. Ila katika busara yao yote, hakuna aliyekumbuka kupanga nani atamwachia mwenzake kwanza.

Siku ikafika, uwanja ukajaa pande zote. Waheshimiwa wakakumbatiana. Bendi ikapiga, watu wakashangilia. Waheshimiwa wakaendelea kukumbatiana. Bendi ikapiga tena. Kumwachia mwenzako kwanza ni dalili ya udhaifu, na taifa haliwezi kuzaliwa na kiongozi dhaifu, hivyo hakuna aliyeachia. Jua likawapiga mpaka jasho la mmoja likaingia kwenye kola ya mwingine. Mpiga tarumbeta akavimba midomo. Wasaidizi wakaleta uji, wakawanywesha kwa zamu, huku mtangazaji wa redio akieleza kwa sauti ya kutetemeka kwamba haijapata kutokea duniani viongozi wapendane hivi.

Bi Semeni alikuwa mbele, na ndoo yake ya vitumbua kichwani. Alikuwa akiutazama mkono wa Lusewa unavyompapasa Matereka mgongoni, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ni mkono uleule uliokuwa ukishika picha ya Mosi. Hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba.

"Mheshimiwa Lusewa!" alipaza sauti. "Na Mosi je?"

Lusewa, kidevu chake kikiwa kimelala begani kwa Matereka, akafumbua jicho moja.

"Mosi gani, mama?"

Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe alisimama pale mdomo wazi. Baadaye mvua ikanyesha, waheshimiwa wakaachana kwa pamoja na kukimbilia mwavuli mmoja, na redio ikasema hilo nalo ni ishara ya umoja.

Taabu ya serikali mpya ilikuwa kumbukumbu za watu. Kila Matereka alipopita Mbwera, watu walinong'ona, "Mwizi wa dawa." Kila Lusewa alipopita Kigulu, walinong'ona, "Mahindi ya njaa." Walikuwa wamefundishwa maneno hayo na waheshimiwa wenyewe, kwa vipaza sauti. Ikatungwa Sheria ya Kuheshimiana: ni marufuku mtu wa Mbwera kumtolea mtu wa Kigulu neno lisilo la staha, au wa Kigulu kumtolea wa Mbwera, iwe kwa ukali au kwa mzaha, hai au maiti. Anayesema atafungwa. Anayecheka atafungwa vilevile.

Kwa hiyo ili makoloni yaungane, kile kitu kimoja kilichoyaunganisha kikapigwa marufuku. Wallahi sisemi neno juu ya hilo. Mimi msimulizi tu.

Serikali haikuwa katili, la. Ilijua watu watafiwa. Wizara ya Mshikamano ikaajiri Maofisa Utani, vijana wa suti waliosomeshwa ughaibuni, ambao wangefika msibani na mizaha iliyopitishwa na Baraza la Mawaziri. Mahitaji yote ya utani, wizara ilisema, sasa yatashughulikiwa na wataalamu.

Gulioni kukawa kimya. Watu wa pande mbili walikuwa wakisalimiana kwa adabu, wakauziana kwa adabu, wakarudi makwao. Kijiji ambacho hakitaniani huanza kuhesabiana makosa, na haukupita muda watu wakaanza kusemana kimoyomoyo: wale wa ng'ambo wanaringa siku hizi, wale wa ng'ambo wanatudharau. Kabla ya umoja hakuna aliyewaza hivyo.

Ndipo Kilemile akaugua. Bi Semeni alivuka daraja kwenda kumwona. Mlangoni alisimama askari wa Kuheshimiana, na sikio lake kama sinia.

"Habari za kuumwa, raia mwenzangu?" alisema Bi Semeni.

"Nashukuru, raia mwenzangu," alijibu Kilemile kutoka kitandani. "Nimefurahi kukuona ukiwa na afya njema."

Mkewe, Bi Chausiku, alitazama chini kwa aibu, kama vile hao wawili wamevuliwa nguo mbele yake. Kilemile alikuwa amekonda, macho yamezama. Akamwashiria Bi Semeni ainame, akamnong'oneza sikioni.

"Nakuomba kitu kimoja tu. Usikubali nizikwe kwa heshima."

"Nyamaza wee," alisema Bi Semeni kwa sauti ya chini. "Kufa kwenyewe hujui, utachelewa kama unavyochelewesha viatu vya watu."

Kilemile akatabasamu. Askari akakohoa. Kesho yake mzee akafariki.

Wizara ilipopata habari kwamba fundi maarufu wa Mbwera mwenye rafiki maarufu wa Kigulu amefariki, ilishangilia. Ikautangaza kuwa Msiba wa Mfano. Waheshimiwa wote wawili wakaja. Walipofika kwenye ua wa marehemu, hakuna aliyekubali mwenzake atangulie, wakaingia ubavu kwa ubavu, wakaubomoa ua wa makuti. Wakakaa kwenye makochi yaliyoletwa na lori. Wafiwa walikaa chini.

Bi Semeni alimtafuta Bi Chausiku kwa macho, akamwona kwenye mkeka. Hakulia. Alikuwa akitazama ukuta. Bi Semeni aliujua ukuta ule. Alijua kinachoonekana pale, na anakoelekea mtu anayeutazama hivyo.

Makaburini, Lusewa alihutubia. "Ndugu Kilemile hakufa! Ametangulia kwenda kutekeleza umoja katika ngazi za chini!" Matereka akasimama ili asipitwe. "Naongezea! Ametangulia kwa kasi, kwa ari, na kwa kuzingatia mpango!"

Kisha akaitwa Ofisa Utani, Bwana Pankrasi, kijana mwenye tai. Akasafisha koo. "Marehemu alikuwa mchapakazi kiasi kwamba alichelewa kupumzika. Ha ha." Akatulia kidogo kama alivyofundishwa. "Pia alipenda sana maendeleo. Ha ha." Upepo ukavuma. Mtu mmoja akajikuna. Bi Chausiku hakupepesa jicho. Midomo yake ilikuwa imepauka, na dada yake aliyemshika akaanza kumwita jina lake kwa hofu, "Chausiku, Chausiku we," bila kujibiwa.

Bi Semeni akavua kandambili. Akampita Pankrasi, akawapita waheshimiwa kwenye makochi yao, akajifunga kanga kiunoni, akarukia ndani ya kaburi na kulala chali.

"Mama, toka humo!" askari alifoka.

"Sitoki!" Sauti ilipanda kutoka shimoni. "Kwanza kaburi lenyewe linabana! Nani kapima hili? We Kilemile, maisha yako yote umetubana vidole, umetutoa malengelenge, mwanangu Mosi kazikwa na kovu la kiatu chako! Kila tukilia, unasema vaa tu, vitapanuka. Haya, leo zamu yako. Ingia, baba. Vaa tu! Litapanuka!"

Kutoka upande wa wanawake, sauti ikapasuka. Alikuwa Bi Chausiku. Alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, akapiga mapaja, akasema, "Litapanuka! Mume wangu we, litapanuka!" na hapo machozi yakaanza kumwagika, akaangukia mikononi mwa dada yake akilia kilio cha kweli, kile kinachomrudisha mtu. Makaburi yote yakacheka na kulia, wa Mbwera na wa Kigulu, mpaka waliobeba jeneza wakalazimika kulitua. Hata Pankrasi alionekana akijifuta macho kwa tai ya serikali.

Bi Semeni akatoa mkono nje ya kaburi. "Na kuku wangu yuko wapi?"

Akapewa pingu.

Hapo ndipo ilipozuka hoja ya kitaifa. "Huyu ni mtu wako wa Kigulu," Lusewa alisema. "Mfunge wewe." "Kaburi ni la kwako Mbwera," Matereka alijibu. "Usinisukumie." "Mwizi wa dawa!" "Mla njaa za watu!" "Ulimuua Mosi!" "Aa, leo umemkumbuka Mosi?" Walisimama juu ya makochi wakitupiana mate, mishipa ya shingo imewatoka. Wafiwa walisikiliza. Hakuna aliyecheka.

"Hawa wanatukanana bure," Bi Chausiku alisema, akipenga kamasi. "Hakuna atakayemchimbia mwenzake."

Bi Semeni, akiwa kati ya askari wawili, aliwatazama wanaume wale ambao mmoja alimwibia mwanawe dawa na mwingine alimwibia mwanawe kifo. Hakuwatukana. Alihifadhi maneno yake kwa watu. Mwishowe waheshimiwa walikumbuka Ikulu, wakakumbatiana palepale, na wakaamua kujenga gereza la pamoja, Gereza la Umoja, karibu na uwanja wa sherehe. Ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza ya taifa jipya, na ilikamilika kabla ya wakati.

Bi Semeni akawa mfungwa wa kwanza. Wanawe Kilemile wakavuka daraja, wakasimama chini ya dirisha lake. "Mfungwa gani huyu mnene hivi? Mnamlisha au mnamfuga?" Wakakamatwa. Bi Semeni akawacheka walivyoingia peku kama baba yao, akaongezewa kifungo. Bi Chausiku akaja na kikapu cha chakula, akamwambia Bi Semeni kwamba amepika vibaya makusudi ili asisahau ladha ya vitumbua vyake mwenyewe. Akakamatwa na kikapu chake. Watu wa Kigulu wakaja kuwatania wanawe Kilemile, wa Mbwera wakaja kuwatetea. Wakaingia wote. Gereza likajaa, wakawa wanapikiana, wanauguzana, wanakatana maneno kutwa nzima. Mfungwa akifa, wa ng'ambo ya pili walimchimbia kaburi uani na kudai kuku kwa askari magereza.

Siku rasmi ya kuzaliwa kwa taifa ikawadia. Mfalme wa mbali alimtuma binamu yake mwenye kofia ya manyoya. Lusewa na Matereka walikumbatiana jukwaani, safari hii bila mvua. Uwanja ulikuwa nusu tupu, na waliokuja walikaa kimya, wa Mbwera kushoto, wa Kigulu kulia, kamba katikati. Bendera ikapanda. Hakuna aliyepiga makofi.

Ndipo kikasikika kicheko. Kilitoka nyuma ya ukuta wa gereza, cha watu mamia, kikipanda na kushuka na kupanda tena.

"Wanacheka nini wale?" Lusewa alimuuliza msaidizi wake kwa pembe ya mdomo, mikono ikiwa bado mgongoni kwa Matereka.

Msaidizi akasitasita. "Wanawazungumzia ninyi, waheshimiwa. Yule mama wa vitumbua ndiye aliyeanzisha."

"Anatutukana?"

"Hapana, mheshimiwa. Ameuliza tu, siku mkifa, mtazikwa na nani. Watu wa Mbwera wanasema kazi hiyo wanawaachia wa Kigulu. Wa Kigulu wanasema la, tafadhalini, waanze wa Mbwera."

Kicheko kikapanda tena. Lusewa akamtazama Matereka kwa karibu, pua kwa pua, na Matereka akamtazama Lusewa. Hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake.